Plani Iliyokwama ndani ya Mashine

Mke wangu aliondoka Jumapili asubuhi pamoja na binti yetu. Mimi nilibaki kwa sababu ya programu ya kuchorea iliyokataa kufunguka. Nimewasimulia watu wengi habari hiyo, na kila nikifika kwenye sentensi ya pili naona wananitazama kama wanaosubiri sababu yenyewe. Hakuna sababu nyingine.

Kazi yangu ni kuchora plani za nyumba. Mimi si enjenieri, ingawa wateja huniita hivyo. Nilisoma ujenzi miaka miwili, kisha uasi uliozuka miaka ile ukafunga shule, na yaliyobaki nikajifunza kwa kukaa nyuma ya watu waliojua na kutazama mikono yao. Nilikuwa nafanyia kazi nyumbani, mtaa wa Murara, katika chumba cha mbele, kwa kompyuta ya mezani iliyofika soko la Birere kutoka Ulaya ikiwa tayari imezeeka. Niliinunua ikiwa na programu ndani yake. Nusu ya herufi za kibodi zilikuwa zimefutika. Ukiiwasha ungeweza kwenda kuteka maji, ukarudi na kuikuta bado inafikiri. Lakini ilifunguka kila siku, na mstari niliouchora jana niliukuta palepale.

Juma lile umeme ulikatika Alhamisi. Vita vya waasi na jeshi la serikali vilikuwa vimefika upande wa Sake, mji jirani, na watu walisema nyaya zimepigwa. Ijumaa niliiunganisha kompyuta, kupitia kigeuza umeme, na betri ya gari, ambayo huwa naichaji kwa paneli ya jua iliyo juu ya bati, nikaiwasha ili nimalize plani ya mama mmoja wa Buhene. Kioo kikawaka. Nikabonyeza alama ya programu. Picha yake ikatokea katikati, ikakaa sekunde tatu hivi, ikapotea. Nikabonyeza tena. Ikatokea, ikapotea. Haikutoa onyo wala haikuomba kitu. Ilikuwa kama mtu anayefungua mlango, anakuona ni wewe, anaufunga.

Jumamosi nilishinda nayo. Nilifungua ubavu wake, nikapuliza vumbi, nikatoa kibao cha kumbukumbu, RAM, na kuyasugua meno yake ya shaba kwa ufutio wa binti yangu. Nilifuta filamu zote za harusi za jamaa, nikidhani labda nafasi imejaa. Mke wangu alikuwa akipita nyuma yangu na nguo mikononi. Alikuwa amefunga mabegi mawili. Shangazi yake anakaa Gisenyi, ng'ambo tu ya mpaka, na alikuwa ametuma ujumbe kwamba chumba kipo.

Jumapili kulipopambazuka tulisikia mabomu karibu zaidi. Mke wangu alimvisha mtoto makoti mawili, moja juu ya lingine, akasimama mlangoni.

"Papa, twende," aliniita kama mtoto anavyoniita.

"Tangulieni. Nafungua hii tu, natoa karatasi ya yule mama, nakuja. Mchana niko kwenu."

"Iweke ile kazi ndani ya flash, tutafungulia kule."

"Na kama faili yenyewe ndiyo imeharibika? Nataka kujua."

Hakuwa mtu wa kugombana mbele ya mtoto. Akasema, "Sawa," akamshika binti yetu mkono, wakaenda kwa miguu kuelekea mpakani, kwa sababu pikipiki zote zilikuwa zimeshabeba watu. Alikuwa amesema kweli. Ningeweza kuchukua faili na kuondoka, na nilijua hivyo saa ileile. Lakini mashine ikinikataa huwa siwezi kuiacha. Ni kama ugonjwa. Nikarudi kukaa.

Saa tano mlango ulibishwa, nikakuta ni mama wa Buhene mwenyewe, kitenge kimefungwa juu ya koti, mfuko mmoja mgongoni. Alikuwa mwanamke wa miaka kama sitini, mjane, mzaliwa wa Butembo, aliyekuwa akiuza maziwa ya unga na mafuta huko Birere. Mlipuko wa mwisho wa volkano ulikuwa umeifunika nyumba yake Buhene, pembezoni mwa mji, na tangu siku hiyo alikuwa akipanga chumba mtaa wa Majengo. Parsele yake, yaani kiwanja chake, ilikuwa chini ya mawe meusi yaliyofika juu ya kimo cha mtu. Alama zote za mpaka zilikuwa zimezikwa. Tulikuwa tumekwenda kuipima upya, yeye, mimi na majirani zake wawili, tukianzia barabara iliyochongwa juu ya lava, tukibishana kila mita hadi wote wanne tukakubaliana. Mvua ilitukuta hukohuko na kulilowesha daftari. Niliviingiza vipimo kwenye mashine siku hiyohiyo, nikalitupa daftari. Kwa hiyo mahali pekee ulimwenguni palipoonyesha ardhi ya mama yule inaanzia wapi na kuishia wapi palikuwa ndani ya programu ile.

"Enjenieri, nipe karatasi yangu," alisema kabla hata ya kuketi. "Batu bote banakimbia. Nikikimbia bila karatasi, nikirudi nitakuta mutu amejenga."

"Mama, programu haifunguki."

"Kwa nini?"

"Sijui. Siku ya tatu leo."

"Basi fungua. Nitangoja."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, mfuko juu ya magoti. Ndivyo alivyongoja mara zote alizokuja, maana alikuwa amekwisha kunibadilishia plani mara sita. Alitaka sebule kubwa, salon kama yeye alivyosema, yenye madirisha makubwa yanayotazama ziwa, ijapokuwa kutoka Buhene ziwa ni kama uzi. Kila mara aliongeza kitu. Ndiyo sababu sikuwa nimemchapia hata ukurasa mmoja.

Tulikaa hivyo hadi saa nane. Nilikuwa nimeanza kuiweka programu upya kutoka kwenye sidii yenye mikwaruzo. Milio ikaanza upande wa uwanja wa ndege. Mwanzo ilikuwa ya mbali, mmojammoja, halafu ikawa kama mvua ya mawe inayokuja mtaa kwa mtaa. Risasi ikapita juu ya bati la jirani na sauti ya nyuki. Mama akainuka, akatazama mlango, akanitazama mimi. Nje watu waliokuwa wakikimbilia mpakani walikuwa wanarudi mbio. Mmoja alipaza sauti kwamba barieri ya mpakani imefungwa.

Nilizima kompyuta ili kuokoa betri. Nikafunga milango. Nyumba yangu ina korido nyembamba katikati, isiyo na dirisha, kati ya chumba cha kulala na stoo. Tukaingia humo tukalala chini, yeye kichwa upande wa jikoni, mimi kichwa upande wa sebule, nyayo zetu karibu zigusane. Nilimpigia mke wangu simu. Iliita mara moja, akapokea, nikasikia, "Tumevuka. Wewe uko..." kisha mtandao ukakatika, na haukurudi kwa siku nne.

Korido ile ilikuwa na upana wa sentimita tisini. Naijua kwa sababu niliipima kwa kiganja mara nyingi. Kwa siku hizo nne hatukusimama wima isipokuwa kwenda jikoni au chooni, na huko tulikwenda tumeinama. Maji yalikuwa dumu moja na nusu. Kulikuwa na maharagi yaliyochemshwa, unga, na maboksi matatu ya maziwa ambayo mama alikuwa nayo mfukoni mwake. Jumatatu bomu lilianguka mtaa wa pili, plasta ya dari ikatumwagikia usoni kama unga. Mama alisali kwa Kinande, lugha ya kwao, kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na mtu aliye chumba cha pili. Mimi nilikuwa nawaza kile kibao cha kumbukumbu. Naona aibu kusema hivyo, lakini ni kweli. Nikiwaza mke na mtoto kifua kilibana hadi nikakosa pumzi, na nikiwaza mashine kilifunguka kidogo.

Mama naye alikuwa na ugonjwa wake. Jumatatu mchana milio ilipotulia kidogo, alisema akiwa bado anatazama dari:

"Enjenieri. Ile salon yangu."

"Ndiyo, mama."

"Toa."

"Nitoe salon?"

"Punguza. Na yale madirisha ya ziwa, toa mbili. Unaona hii korido yako? Ni mubaya. Ni nyembamba, mutu hawezi kugeuka. Mimi nataka korido ya mita mbili, katikati ya nyumba, ukuta wa mawe pande zote. Batoto balale, bajukuu balale, mimi nilale, na mutu aweze kupita bila kutukanyaga."

"Mita mbili ni chumba, mama. Si korido."

"Basi ni chumba. Andika."

Sikuwa na kitu cha kuandikia mkononi. Nikasema nitakumbuka. Akaanza kuijenga upya nyumba yake palepale sakafuni, kwa mdomo. Alitaka tangi la maji liwe ndani ya korido hiyo. Alitaka choo kifunguke humo, si nje. Alitaka mlango mmoja wa chuma upande wa nyuma, kwa sababu, alisema, siku ya volkano alikimbia kwa mlango wa mbele huku moto ukija kutoka mbele, na kama jirani asingebomoa ua wake wa mbao asingepona. Hakuwahi kunieleza hivyo katika zile mara sita alizokaa kwenye kiti cha wateja. Pale ofisini alizungumzia madirisha na rangi ya vigae. Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa unaniuliza nataka nini," akajibu. "Hukuniuliza naogopa nini."

Jumanne asubuhi kulikuwa na jua, na paneli ilikuwa bado nzima. Milio ilikuwa imehamia upande wa katikati ya mji. Nilikokota kompyuta yote, na kioo chake na printa, hadi mdomoni mwa korido, nikavuta waya wa betri, nikaiwasha nikiwa nimelala kifudifudi. Betri ilikuwa na nguvu ya saa moja, labda na robo. Sidii ilikuwa imemaliza kazi yake Jumapili kabla sijazima kompyuta, kwa hiyo nilikuwa na matumaini makubwa. Picha ya programu ikatokea, ikakaa sekunde tatu, ikapotea.

Nilipiga sakafu kwa ngumi. Nilisema maneno ambayo sikuwahi kuyasema mbele ya mtu wa umri wa mama yangu. Nilijiona wazi, mtu mzima aliyemwachia mke wake avuke mpaka peke yake na mtoto, amelala vumbini na mashine isiyomtaka, na hakuna mlango hata mmoja wa mji ule uliokuwa wazi. Ziwa lilikuwa na askari, barabara za kaskazini zilikuwa na askari, uwanja wa ndege ulikuwa unawaka. Hata kama ningeifungua, ningeenda wapi na karatasi hiyo?

"Zima, uwashe tena," mama akasema.

"Nimefanya hivyo mara ishirini."

"Mimi sijaona. Nilikuwa nimekaa kule kwa kiti. Washa, nitazame."

Nikazima, nikawasha. Kompyuta ile ikiwaka hutoa kwanza kioo cheusi chenye maandishi meupe ya Kifaransa, na chini kabisa hukuambia ubonyeze kitufe fulani ili kuendelea. Tangu Ijumaa nilikuwa nakibonyeza bila kufikiri. Nilinyoosha kidole, mama akanishika mkono.

"Usibonyeze. Ngoja nisome."

Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, parokiani, baada ya mume wake kufa. Alisoma kila herufi kwa midomo, kidole chake karibu na kioo. Mimi nilikuwa nahesabu nguvu ya betri kichwani na kutamani kumsukuma.

"Da-te," akasoma. "Date... et... heu-re... Hapa inasema tarehe na saa hazikuwekwa." Akanigeukia. "Leo ni tarehe ngapi kwa mashine yako?"

"Mama, hiyo haina uhusiano na..."

"Mimi nauza maziwa. Kitu chochote, natazama tarehe kwanza. Maziwa ikipita tarehe yake, nani atakubali kuifungua?"

Nikabonyeza. Kioo kikaja. Nilikuwa nimeuficha ule mstari wa chini wenye saa zamani sana, ili nipate nafasi kubwa ya kuchorea, kwa hiyo nilikuwa siuoni. Nikaurudisha. Kompyuta yangu iliamini kwamba ni tarehe mosi Januari ya mwaka ambao binti yangu alikuwa hajazaliwa, wala mimi sijaoa.

Kilichotokea ni kitu kidogo mno. Ndani ya mashine kuna betri nyembamba ya duara, kama kifungo cha shati, inayoshikilia saa wakati hakuna umeme. Yangu ilikuwa imekufa, pengine miaka mingi iliyopita. Kwa kuwa siku zote mashine ilikuwa imechomekwa ukutani, sikujua. Umeme ulipokatika Alhamisi, saa ikapotea, mashine ikarudi kwenye tarehe yake ya kwanza. Na programu, kila ilipoanza, ilitazama kibali chake, ikaona kwamba leo ni miaka mingi kabla ya siku iliyosajiliwa, ikakataa kama karani anayeletewa hati isiyoeleweka. Sikuwa nimeharibu kitu. Faili haikuwa na kosa. Ningekuwa nimesoma mstari mmoja Ijumaa, Jumapili ningekuwa Gisenyi.

Niliandika tarehe ya siku ile, nikabonyeza alama. Picha ikatokea, ikakaa sekunde tatu, nne, tano, kisha vyombo vyote vya kuchorea vikafunguka pembeni, na plani ya Buhene ikajaa kioo.

Mama hakushangilia. Alisogea kwa viwiko hadi karibu, akatazama ile mistari mirefu ya mipaka, akaniuliza ni upi wa jirani wa kushoto, ni upi wa barabara. Nikamwonyesha. Akaugusa kila mmoja. Kisha akasema, "Sasa toa salon."

Tulikuwa na dakika arobaini hivi. Nikachora nikiwa nimelala, kipanya cha kompyuta juu ya kigae kilicholegea, na yeye akinielekeza kutoka nyuma ya bega langu. Sijawahi kuchora nyumba kwa haraka namna ile, wala sijawahi kuielewa nyumba namna ile. Korido ya mita mbili. Tangi. Choo. Mlango wa chuma. Sebule ikabaki na dirisha moja. Nilichapa kurasa mbili kabla taa ya betri haijawa nyekundu, moja ya mipaka na moja ya nyumba. Akazikunja, akaziweka kifuani chini ya nguo.

Jumatano ilipita hivyohivyo. Alhamisi mtaa ulikuwa kimya, watu wakaanza kutoka, na waasi walikuwa wamesimama kwenye njia panda kana kwamba wamekuwepo siku zote. Mama alifunga kitenge chake, akaniambia, "Asante, mwanangu," si enjenieri, akaenda kwa miguu kuelekea Majengo. Hakukimbia tena kwenda popote. Alisema karatasi anayo, na pa kukimbilia hapajui.

Mke wangu alirudi baada ya siku kumi na mbili, mpaka ulipofunguliwa vizuri. Nilimweleza habari ya betri ya kifungo. Alisikiliza akiwa anafagia plasta, akamaliza, akaweka ufagio. "Mutoto alikuwa anauliza kila asubuhi kama umekufa," alisema. "Nilikuwa namjibu hapana, na mimi mwenyewe sikuwa najua." Halafu akaenda kuwasha makaa. Hatujagombana juu ya jambo hilo, na natamani tungegombana. Kuna wakati, tukiwa mezani, kompyuta ikitoa sauti yake ya kuwaka, ananyamaza katikati ya neno.

Mji ulibaki umefungwa kwa namna nyingine. Ndege hazikutua, benki hazikufungua, na watu wenye kujenga walikuwa wachache. Wachache hao walipokuja kuniona, nilianza kuwauliza swali ambalo mama alinifundisha. Karibu wote waliomba chumba cha katikati kisicho na dirisha. Ninawachorea. Kuna siku nachora kuta hizo na shingo inaniuma, kama niko sakafuni tena, na inanibidi nitoke nje nisimame barabarani kidogo.

Miezi kadhaa baadaye mama aliniita Buhene kuweka kamba za msingi. Mafundi walikuwa wamesawazisha lava kwa nyundo, na majirani wale wawili walikuja, na karatasi ya mipaka haikubishaniwa hata mara moja. Tulipofika kwenye korido, tukavuta kamba mbili, mita mbili kati yake. Mama alivua kandambili, akaingia, akajilaza chali juu ya jiwe jeusi, mikono kifuani.

"Njoo ulale," akaniambia.

"Mama, watu wanapita."

"Wapite. Lala, nione."

Nikalala. Akamwita fundi mmoja alale, kisha jirani wa kushoto, ambaye alikuwa mnene na alicheka sana. Tukawa wanne tumejipanga juu ya mawe saa sita mchana, na mwanamke mwenye ndoo kichwani alisimama kututazama. Mama aliinua kichwa, akatupima kwa macho mmoja mmoja, akawahesabu wajukuu wake kwa vidole.

"Haitoshi," akasema. "Ongeza nusu mita."

Nikainuka, nikafuta mgongo, nikasogeza kamba.